Ukumbi na Sauti ya Muziki Unaonaswa

 Leo twataka kusema habari ya jambo ambalo kila mtu amelisikia kwa masikio yake, ila si wengi waliokaa wakalifikiri. Jambo lenyewe ni hili: bendi moja, yenye watu wale wale na vyombo vile vile, ikipiga wimbo mmoja katika majengo mawili mbalimbali, haitasikika sawasawa. Na ikiwa wimbo huo unanaswa na mashine ili wausikie baadaye watu wasiokuwapo, basi tofauti hiyo hufuatana na wimbo siku zote. Mashine hainasi bendi peke yake. Hunasa bendi pamoja na jengo.

Mtu aliyeko Dar es Salaam aweza kulihakikisha jambo hili asubuhi moja tu kwa miguu yake. Na aanze Kariakoo, mapema kabla magari hayajawa mengi, asimame mahali palipo wazi, apige kofi moja. Kofi litalia kavu, nalo litakwisha papo hapo. Kisha na aombe ruhusa kwa wenyeji wa mojawapo ya nyumba zile za Kiswahili zilizobaki mitaani, zenye ukumbi mrefu katikati na milango ya vyumba huku na huku. Apige kofi tena. Safari hii atasikia kofi likifuatwa na mlio mfupi, kama mtu aliyetikisa bati. Halafu na ashuke mjini mpaka karibu na bandari, aingie katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa tangu mwaka 1897 hadi 1902, ambalo dari yake imeinuliwa juu sana kwa matao. Hatusemi apige makofi kanisani. Na akae kimya, angoje mpaka mtu akohoe au benchi liburuzwe. Atasikia sauti ile ikipanda, ikizunguka juu, na kufifia polepole kana kwamba haitaki kuondoka.

Sababu yake ni nini? Sauti ni mtikiso wa hewa. Mpiga ngoma anapoipiga ngozi, ngozi hutikisika na kuisukuma hewa iliyo karibu nayo, na hewa hiyo huisukuma hewa ya mbele yake, na kuendelea hivyo, kama mawimbi yanavyoenea katika bwawa lililotupwa jiwe. Katika joto la Dar es Salaam mtikiso huo husafiri kadiri ya mita 350 kwa sekunde moja. Ukifika ukutani haufi. Ukuta mgumu, kama wa saruji au wa mawe, huurudisha karibu wote. Ukuta laini huumeza. Mtoto yeyote aliyecheza mpira wa matambara alijua jambo hili kabla hajaenda shule: mpira ukigonga sakafu ya saruji hurudi juu, bali ukigonga rundo la pamba hulala hapo hapo.

Basi mtu akaapo ndani ya ukumbi na kusikiliza bendi, hufikiwa na sauti nyingi za noti ile ile moja. Ya kwanza ni ile inayotoka katika chombo moja kwa moja mpaka sikioni. Ya pili imegonga ukuta wa kushoto kwanza. Ya tatu imepitia dari. Nyingine imegonga ukuta wa nyuma, ikarudi mbele, ikagonga jukwaa, na ndipo ikafika, imechoka na kuchelewa. Zikichelewa kidogo sana, sikio haliwezi kuzitenganisha. Huziunga zote kuwa sauti moja iliyonenepa. Lakini sauti iliyo kubwa ikichelewa zaidi ya kadiri ya sehemu 5 katika 100 za sekunde, sikio huanza kuihesabu peke yake, na huo ndio mwangwi. Katika muda huo sauti huenda mita 17 na nusu. Kwa hiyo ukuta ulio mbali nasi mita 9 au zaidi, kwenda na kurudi, waweza kutuletea mwangwi. Ulio karibu zaidi hauwezi. Ama kule kufifia polepole tulikokusikia kanisani, ambako ni marudio maelfu yaliyochanganyika pamoja, sisi tutakuita mvumo. Mwangwi hurudia neno; mvumo hulirefusha.

Kwa muda mrefu sana watu walijenga kumbi za muziki kwa kubahatisha. Mjenzi aliiga ukumbi uliosifiwa, akaomba Mungu. Aliyekuwa wa kwanza kuupima mvumo kwa hesabu alikuwa mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, jina lake Wallace Sabine. Mwaka 1895 aliombwa atengeneze chumba kipya cha mihadhara ambamo wanafunzi walishindwa kuelewa lolote, kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa bado linavuma wakati neno la kumi likitamkwa. Sabine alifanya kazi usiku wa manane, mji ulipolala. Alilipiza filimbi ya kinanda, akaikatiza ghafula, akahesabu kwa saa yake ilichukua sekunde ngapi mpaka asisikie kitu. Chumba kikiwa kitupu, sauti ilidumu sekunde 5 na nusu. Kisha akaanza kubeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo na kuipanga ndani. Kila alipoongeza mito, muda ulipungua. Alibeba mito mingi mno, na asubuhi yote ilipasa irudishwe mahali pake.

Katika kazi hiyo ya uchukuzi alipata kanuni ambayo hata leo wahandisi huitumia. Mvumo hurefuka kadiri ukumbi unavyokuwa mkubwa, na hufupika kadiri vinavyozidi vitu vya kumeza sauti. Ukitaka kujua sekunde, zidisha ujazo wa ukumbi katika mita za ujazo kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya eneo linalomeza sauti. Lakini eneo hilo lilihitaji kipimo. Kitu gani humeza sauti yote bila kurudisha hata chembe? Sabine aliona kwamba ni dirisha lililo wazi, kwa maana sauti ikitoka hapo hairudi tena. Kwa hiyo kipimo chake kilikuwa eneo la dirisha wazi.

Twaomba msomaji alishike neno hili la dirisha, kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko watu wa Boston. Na tufanye hesabu kwa ukumbi wa kubuni, wa namna ambayo ipo mingi katika miji yetu: urefu mita 20, upana mita 10, kimo mita 4, kuta na sakafu za saruji, dari ngumu. Ujazo wake ni mita 800. Eneo la kuta, sakafu na dari kwa jumla ni mita za mraba 640. Saruji iliyopigwa lipu humeza sehemu ndogo tu ya sauti. Na tukadirie sehemu 3 katika 100. Basi madirisha na milango ikifungwa, ukumbi mzima ni kama una dirisha moja wazi la mita za mraba 19 na kidogo. Ukifanya hesabu utapata mvumo wa karibu sekunde 7. Humo huwezi kupiga muziki wa dansi. Huwezi hata kutangaza mnada.

Sasa fungua madirisha 10, kila moja la mita ya mraba moja na nusu. Mvumo washuka mara moja hadi karibu sekunde 4. Kisha na waingie watu 200 waliovaa nguo nyepesi za pwani. Mwili wa mtu na nguo zake humeza sauti. Tukikadiria kila mmoja kuwa sawa na dirisha la sehemu 4 katika 10 za mita ya mraba, watu hao wote ni sawa na mita 80 za dirisha. Mvumo washuka hadi sekunde moja na kidogo. Ni ukumbi ule ule, na hakuna fundi aliyegusa tofali. Hapa twaona kwa nini bendi inayofanya mazoezi saa tisa alasiri katika ukumbi mtupu hujisikia ina tarumbeta kumi, na usiku watu wakijaa wapigaji hao hao hulalamika kwamba vyombo vyao vimepungukiwa na nguvu. Vyombo havina hatia.

Je, mvumo ulio mzuri ni wa sekunde ngapi? Hapa hakuna jibu moja, na watu waliotaka jibu moja wameharibu kumbi nyingi. Ukumbi wa Musikverein wa Vienna, uliofunguliwa mwaka 1870, na Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900 baada ya Sabine kuifanyia hesabu, husifiwa duniani kote, nazo zikiwa zimejaa watu mvumo wake hukaribia sekunde 2. Zote mbili ni ndefu na nyembamba, zenye dari ya juu, mfano wa sanduku la viatu. Muziki wa Ulaya wa okestra kubwa, wenye fidla nyingi zinazovuta noti ndefu, huupenda mvumo huo. Fidla ishirini huwa kama kitu kimoja, na noti moja humwachia njia mwenzake kwa adabu. Lakini chukua muziki wa ngoma zenye midundo ya haraka, au gita tatu zinazojibizana kama katika dansi la Dar es Salaam, utie humo. Kabla mdundo wa kwanza haujakwisha wa pili umefika, na wa tatu, na wa nne. Yote huwa uji. Ndugu zetu wa Vienna hawakukosea, wala wapiga ngoma hawakukosea. Kila muziki ulikulia katika nyumba yake.

Na muziki wetu mwingi haukukulia katika nyumba. Ngoma zilichezwa uwanjani. Beni, zilizokuwa na vikundi vyake Marini na Arinoti, zilipita mitaani kwa magwaride. Mtaani hakuna dari ya kuirudisha sauti, na kwa sababu hiyo vyombo vilivyofaa ni vile vyenye nguvu ya peke yake: ngoma kubwa na tarumbeta, ambalo mdomo wake mpana huielekeza sauti mbele kama taa ya gari. Dansi lilipoingia ndani ya kumbi, nasi twakumbuka kwamba Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, liliingia na baadhi ya vyombo hivyo. Tena kumbi nyingi za dansi mjini zilikuwa nusu ukumbi na nusu ua, sehemu ina paa na sehemu ina nyota. Dirisha la Sabine lilikuwa upande mzima wa jengo. Mtu wa Ulaya angesema ukumbi wa namna hii hauna sauti. Sisi twaona uliufaa sana muziki wenyewe, maana kila gita lilisikika kwa jina lake na maneno ya mwimbaji yalieleweka. Na katika nyimbo zetu asiyeyaelewa maneno hajasikia nusu ya wimbo.

Hayo ni ya mtu aliyeko ukumbini. Sasa tuingize mashine.

Mtu ana masikio mawili na akili katikati yake. Akiwa katika ukumbi wenye mvumo mwingi, akili yake humsaidia kuchagua: humfuata mwimbaji na kuuweka mvumo nyuma, kama vile mtu sokoni Kariakoo anavyoweza kumsikia mwenziwe aliye mbele yake katikati ya kelele za wauzaji mia. Maikrofoni haichagui. Huchukua kila kinachoifikia, kwa kadiri kinavyoifikia, ikaandika. Kwa hiyo watu husikiliza muziki ukumbini wakaufurahia, kisha wakisikiliza ulionaswa usiku ule ule hushangaa: mbona kama bendi ilikuwa ndani ya pipa?

Dawa ya kwanza ni umbali. Sauti inayotoka moja kwa moja katika chombo hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Lakini mvumo umeujaza ukumbi wote, nao ni karibu sawa kila mahali. Basi maikrofoni ikiwa karibu na mwimbaji, hunasa mwimbaji zaidi. Ikiwa mbali, hunasa ukumbi zaidi. Mafundi wa Vienna na London walitumia umbali kwa makusudi, wakaziinua maikrofoni juu ya kichwa cha mwongozaji ili waupate ukumbi wao mzuri, kwa kuwa waliulipia fedha nyingi. Fundi aliye katika ukumbi mbaya husogea karibu.

Na zamani, maikrofoni ilipokuwa moja au mbili kwa bendi nzima, umbali ndio uliokuwa mizani ya kupimia vyombo. Mwimbaji alisimama karibu. Gita hatua kadhaa nyuma yake. Tarumbeta na ngoma mbali kabisa, penginepo karibu na mlango. Mpiga saksafoni mwenye zamu ya kupiga peke yake alisogea mbele, akapiga, kisha akarudi nyuma kwa nyayo za paka asije akagonga kiti. Kukosea ilikuwa hasara ya wote, maana wimbo mzima ulipaswa kuanzwa upya.

Santuri za kwanza za Kiswahili zilizojulikana sana zatupa mfano mwingine. Siti binti Saad wa Unguja aliponaswa kwa mara ya kwanza mwaka 1928, yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, kwa kuwa huku kwetu hapakuwa na studio. Santuri zile zilirudi na dau na meli, zikauzwa pwani yote, na watu wakamsikia Siti katika nyumba zao. Walikuwa wakimsikia Siti wa Unguja, lakini katika chumba cha Bombay. Kuta zilizoipokea sauti yake na kuirudisha zilikuwa kuta za Bara Hindi. Sauti yake kama ilivyosikika katika sebule ya nyumba ya Unguja, penye kuta nene za mawe, mazulia sakafuni na wageni waliojaa mpaka mlangoni, waliosikiliza humo waliondoka nayo.

Kinyume chake ni kazi ya Hugh Tracey, aliyekuja Tanganyika mwaka 1950 na gari lenye mashine za kunasa. Yeye hakupeleka muziki kwenye studio. Alipeleka studio kwenye muziki. Alizoea kuishika maikrofoni mkononi mwake na kuisogeza kwa wakati wake, mara kwa mwimbaji, mara kwa chombo, na kazi kubwa aliifanya nje penye hewa. Katika kazi ya namna hiyo hakuna mvumo wa chumba hata kidogo. Kila kitu ki karibu na wazi. Baadhi ya watu husema ni kukavu mno. Sisi twasema ndivyo muziki ule ulivyosikika na waliokuwa wakiucheza.

Mwezi wa Julai 1951 ilianza kusikika redio ya mji huu, Sauti ya Dar es Salaam, iliyokuja kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania mwaka 1965. Kwa miaka mingi studio yake ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa kunasa muziki wa bendi za nchi hii. Mtu akitaka kuzifahamu kanda za zamani, yampasa kujua kwamba studio ya redio hujengwa kwanza kwa ajili ya maneno. Habari na mazungumzo hutaka mvumo mfupi mno, chini ya nusu ya sekunde, ndiyo maana kuta za studio hufunikwa kwa vitu vya kumeza sauti. Bendi iliyozoea ukumbi wa watu mia tatu ikiingizwa katika chumba cha namna hiyo hujisikia imevuliwa nguo. Kila kosa lasikika. Mwimbaji husukuma sauti na haioni ikirudi.

Tena bendi ilipiga yote pamoja kwa wakati mmoja, si kama siku hizi ambapo mpiga gita huja Jumatatu na mwimbaji huja Alhamisi. Kwa kuwa wote walikuwa katika chumba kimoja, tarumbeta iliingia katika maikrofoni ya mwimbaji, na ngoma iliingia katika ya gita. Fundi hakuweza kuziondoa. Wengine huliita jambo hili uchafu. Lakini sikilizeni bendi kama Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na ambayo wenyeji huijua zaidi kwa jina la Sikinde, katika nyimbo zake za zamani: mtu husadiki kwamba watu wale wako mahali pamoja, wanatazamana. Kule kuingiliana ndiko kulikofanya chumba kidogo kiwe ukumbi. Hakuna mashine ya leo inayoweza kuliongeza jambo hilo baadaye ikiwa halikuwako tangu mwanzo.

Chumba kidogo kina hila nyingine, nayo ni ya sauti nzito. Uzi mzito kuliko zote wa gita la besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa karibu mita 8 na nusu. Chumba chenye upana wa mita 4 na robo ni nusu kamili ya wimbi hilo. Noti hiyo ikipigwa humo, wimbi hugonga ukuta na kurudi kwa wakati ule ule ambao wimbi jipya linaanza, yakasukumana kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea. Noti moja yalipuka, na jirani yake yapotea. Mpiga besi hulaumiwa bure. Wala kutundika kanga ukutani hakutamsaidia, kwa sababu nguo humeza sauti nyembamba tu. Sauti nzito hupita ndani yake kama ng'ombe apitavyo katika utando wa buibui. Vyumba vingi vilivyofanywa studio kwa nguo na trei za mayai vina ugonjwa huu: juu kumekufa, chini kunanguruma. Trei za mayai, tuseme wazi, hazina faida kubwa hata kwa sauti nyembamba, ingawa mapambo yake yapendeza.

Lakini shida iliyo kubwa kuliko zote katika mji wetu ni lile dirisha. Tumesema kwamba dirisha wazi ndilo limezalo sauti kuliko kitu chochote, wala haligharimu kitu. Walakini dirisha halina mlango wa kutokea tu. Kinachotoka ni mvumo. Kinachoingia ni Dar es Salaam. Honi za magari, kunguru juu ya paa, mwadhini, kengele, kijana auzaye maji, na mashine ya kusaga ya jirani. Fundi akifunga madirisha, mvumo hurudi, na joto hupanda. Katika joto na unyevu wa pwani nyuzi hulegea, ngozi za ngoma huteremka, nayo bendi iliyoanza wimbo ikiwa sawa humaliza ikiwa chini. Akiwasha pangaboi, maikrofoni humsikia pangaboi. Na mvua ikinyesha juu ya bati, kazi imekwisha kwa siku hiyo; sisi wenyewe tumewahi kukaa saa mbili tumekunja mikono katika chumba kimoja, tukingoja wingu lipite, huku mwimbaji akizidi kukauka koo. Ndiyo maana watu wa kazi hii katika mji huu huwa na desturi ya kunasa usiku sana, kama Sabine alivyofanya, ingawa wengi wao hawajapata kusikia jina lake.

Twajua kwamba wengi katika wasomaji wetu hawana studio, bali wana kwaya ya shule au kikundi cha taarabu, na simu ya mkononi. Nao waweza kutumia elimu hii. Msinase katika darasa tupu lenye sakafu ya saruji. Mkilazimika, ingizeni mikeka, magunia yaliyojaa, magodoro kutoka bwenini, na zaidi ya yote ingizeni watu wakae kimya. Mtu ameketi ni kitu kizuri cha kumeza sauti kuliko pazia. Mkitundika blanketi, lisigusane na ukuta. Liwe mbali nao kiasi cha shibiri moja au mbili, maana huko hewa hutembea zaidi na blanketi hupata kazi ya kufanya. Msisimame katikati kabisa ya chumba wala pembeni. Simu isiwekwe juu ya meza, kwani meza nayo huirudisha sauti. Ishikwe au itundikwe. Mkiwa na mwembe mkubwa na asubuhi isiyo na upepo, huenda huo ukawa ukumbi bora kuliko jengo lolote la wilaya yenu.

Siku hizi mvumo hutengenezwa kwa kompyuta. Mtu hunasa sauti kavu chumbani mwake, kisha huchagua katika orodha: kanisa, ukumbi mkubwa, pango. Programu nyingine hutumia vipimo halisi vya kumbi mashuhuri, kwa hiyo mwimbaji wa Temeke aweza kujiweka ndani ya ukumbi wa Vienna bila kupanda ndege. Hatulikatai jambo hili, kwa kuwa hufaa sana penye shida. Ila twaona kwamba wapo wanaozichukua nyimbo za zamani, za bendi za miaka ya 1960 na 1970, wakazipaka mvumo huo juu ya mvumo wake, wakidhani wanazipamba. Wapo pia wanaozihamisha kutoka kanda kwenda kwenye kompyuta, na ili kuokoa nafasi hukata mwisho wa kila wimbo mara tu noti ya mwisho inapopigwa.

Twawasihi wenye kanda hizo, wawe ni mashirika au watu wa majumbani wenye santuri chini ya kitanda, wasifanye hivyo. Noti ya mwisho ikishapigwa, vyombo vyote vikanyamaza, kwa sekunde moja au mbili husikika kitu kingine ambacho wakati wote wa wimbo kilikuwa kimefunikwa: kuta, dari, sakafu, na watu wanaozuia pumzi wakingoja fundi awape ishara. Mara nyingine kiti hulia. Mara nyingine mtu hucheka kidogo kabla ya wakati. Bendi nyingi kati ya hizo hazipo tena, na kumbi kadhaa walizopiga zimekwisha kubomolewa na kujengwa maghorofa ya maduka. Mtu akiuliza chumba kile kilikuwa na ukubwa gani, au kilikuwa kigumu au laini, jibu limo katika sekunde hizo mbili, nalo laweza kupimwa kwa saa.